Maswali yenu: faranga tano za fedha, halali au feki?

*Marehemu babu, mzaliwa wa Ngazija, ametuachia sarafu kubwa yenye watu watatu, imeandikwa 5 FRANCS 1873. Ni fedha kweli? (Msomaji, Unguja)*

Hiyo ni sarafu ya Ufaransa: wa katikati ni Hercules, shujaa wa hadithi za kale za Kigiriki, na wanawake wawili ni Uhuru na Usawa. Mchoro ni wa Augustin Dupré, wa enzi za mapinduzi ya Ufaransa, ukarudishwa baadaye. Ipeleke kwa sonara mwenye mizani nyeti, ila usimruhusu aikwangue. Halali ina gramu 25 na upana wa milimita 37, fedha sehemu 900 kwa elfu. Iliyochakaa hupungua kidogo. Ikisoma 22, ondoka nayo bila kubishana.

Kisha tazama ukingo, maana hapo ndipo wadanganyifu huchoka. Unatakiwa usomeke DIEU PROTEGE LA FRANCE (Mungu ailinda Ufaransa) kwa herufi zilizoinuka. Feki zilizomiminwa kwenye kalibu huwa na mshono, au herufi zilizofifia. Halafu ishike kushoto na kulia kwa vidole viwili, uipindue: upande wa pili usimame wima. Ukitokea kichwa chini, tia shaka.

Na babu kuwa nayo si ajabu. Madagaska watu walizikatakata faranga tano kupata chenji, na Sultani Said Ali wa Ngazija aligongewa za kwake Paris, zenye maandishi ya Kiarabu.

*Sumaku haikuishika. Inatosha? (Mombasa)*

Haitoshi hata kidogo. Shaba na risasi nazo hazishikwi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Sarafu halali ya Hercules itaongeza takriban gramu 2.4. Ikikaribia 2.8, hiyo ni shaba au mchanganyiko wake.

*Upande mmoja NAPOLEON EMPEREUR, wa pili REPUBLIQUE FRANÇAISE, AN 12. Muuzaji ananicheka? (Lubumbashi)*

Hakucheki, na hili ndilo swali nililolipenda. Mwaka 1804 sheria iliyompa Napoleon taji ilisema serikali ya Jamhuri inakabidhiwa kaizari, basi sarafu zikabeba majina yote mawili hadi 1808. AN 12 ni mwaka wa kumi na mbili wa kalenda ya mapinduzi, yaani 1803 hadi 1804. Kinachotakiwa kukushtua ni kinyume chake: EMPIRE FRANÇAIS (Milki ya Ufaransa) pamoja na 1807. Maneno hayo yalianza 1809, na waghushi wengi hawajui.

*Herufi ndogo karibu na mwaka ni ya nini? (Dar es Salaam)*

Ni ya karakana iliyoigonga: A ni Paris, K Bordeaux, BB Strasbourg, W Lille. Kwa Hercules ya 1873 tarajia A au K. Strasbourg ilikuwa tayari mikononi mwa Wajerumani, kwa hiyo BB ya mwaka huo ni kichekesho.

*Yangu ni faranga 5 ya 1975, mwanamke anapanda mbegu. (Nairobi)*

Si fedha. Za mchoro huo zenye fedha zilikoma 1969, zilikuwa gramu 12. Za kuanzia 1970 zimefunikwa nikeli.

*Niisugue kwa majivu ing'ae kabla ya kuiuza?*

Usiiguse. Weusi wake ni sehemu ya bei, na mnunuzi mzoefu huona mikwaruzo kabla hajaona mwaka.