Kwa mnaoanza kushauri wakusanyaji wa sanaa: usikimbilie ukuta

Nyie mnaoingia kwenye hii kazi, swali mtakaloulizwa kila nyumba ni "sasa hii niiweke wapi?" na mwenye nayo atataka umjibu hapohapo mmesimama sebuleni. Usijibu. Zunguka nae kwanza nyumba nzima, muulize asubuhi anapenda kukaa wapi, watoto wanachezea wapi, mbwa analala wapi, nani anafuta vumbi na anafutia nini, wageni wakija wanaingilia mlango upi. Utaonekana mbea kidogo ila vumilia, manake ukishajua watu wanaishije humo ndani nusu ya majibu unayo tayari, na hata kununua baadae kutakuwa rahisi.

Baada ya hapo angalia mwanga, na hapa msiwe wapole. Ukuta mweupe mzuri unaotazama dirisha kubwa ndo kila mtu anautaka kwa picha yake bora, na mara nyingi ndo mbaya kuliko zote. Picha haijui kama ipo nyumbani au makumbusho, jua likiipiga inafifia vilevile, na ikishafifia haina dawa, uharibifu wa mwanga unajumlishana mwaka hadi mwaka. Makumbusho mengi vitu vya karatasi kama rangi za maji, michoro ya wino, chapa na picha nyingi za kamera huwa wanaviweka kwenye mwanga wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), picha za mafuta zinavumilia hadi 200. Nyumbani huwezi kuishi kwenye giza la namna hiyo kila saa, sawa, lakini unaweza kuamua kwamba karatasi ziende korido au chumba kisicho na dirisha kubwa, na rangi za mafuta na sanamu za shaba ndo zikae sebuleni. Alafu kuna wanaodhani wakishaweka kioo cha kuzuia UV (ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho) basi wamemaliza, hapana, kinasaidia sana lakini mwanga wa kawaida nao unafifisha, kwa hiyo kioo kizuri na jua la moja kwa moja bado haviendi pamoja. Nenda pale asubuhi, rudi tena saa kumi jioni uone jua limefika wapi. Juu ya mahali pa kuwashia moto, juu ya hita, mbele ya eisii inayopuliza, ukutani kwa jiko, hizo sehemu zifute kabisa kichwani.

Kuhusu urefu: watu wengi wananing'iniza juu mno. Katikati ya picha ikae sentimita 145 hadi 150 toka sakafuni, hiyo ndo kawaida ya maonyesho mengi kwa sababu inaangukia usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ila usiifanye sheria. Chumba cha kulia watu wamekaa, shusha. Juu ya sofa acha kama sentimita 15 hadi 20 toka mgongo wa sofa, ukizidisha sana picha inaanza kuelea peke yake huko juu. Kabla ya drili kata karatasi ya kaki saizi ya kila fremu, ibandike kwa selotepu ya mafundi rangi, iache siku kadhaa watu wapite wapite. Mteja atakuja mwenyewe kukwambia "hii isogee kushoto", na atakuwa yuko sahihi, manake yeye ndo anapita hapo na kikombe mkononi.

Sasa lile la rangi kufanana na mito ya sofa. Utaombwa, tena sana, "nitafutie kitu chenye bluu kama hii". Mimi sinunui sanaa kwa kufuata kitambaa, mito inabadilishwa na picha inabaki. Kama mtu anataka vitu viongee, afanye kinyume chake. Jim Ede, yule mkusanyaji wa sanaa aliyeifanya nyumba yake ya Kettle's Yard pale Cambridge, Uingereza, kuwa ya kutembelewa kuanzia 1957, alikuwa na mchoro wa msanii Mhispania Joan Miró wenye doa la njano, na ndani ya nyumba hiyohiyo akaweka limau moja kwenye sahani ya madini, basi. Limau ndo linaifuata picha. Na hapo kuna mawe ya ufukweni yamepangwa mezani karibu na kazi za wasanii wakubwa bila aibu yoyote, ukiona hata picha za ile nyumba utaelewa kwamba kuchanganya sanaa na maisha hakuhitaji vitu vyote viwe vya thamani.

Fanicha za kukusanya ndo zinaleta ugomvi ndani ya nyumba kuliko picha, niamini. Kiti cha Jean Prouvé au meza ya George Nakashima, wabunifu wa fanicha wenye majina makubwa, imeingia, je, inakaliwa? Inaliwa chakula juu yake? Ulizeni mapema, tena wenye nyumba wote wakiwepo, manake mmoja ananunua akiwaza ni sanamu na mwingine anawaza ni kiti. Yote mawili yanawezekana. Peggy Guggenheim, mkusanyaji maarufu wa sanaa, alimwagiza mchonga sanamu Alexander Calder amtengenezee ubao wa fedha wa kichwani mwa kitanda, miaka ya 1945 na 1946, na akauweka chumbani kwake anakolala. Wakishakubaliana kwamba kitu kitatumika, kitumike kwa heshima yake: feliti (kile kitambaa kinene laini) chini ya miguu, kisikae juani, na kama mbao imepakwa sheliki, aina ya vanishi ya zamani, vikombe vya moto na glasi za pombe zisiiguse, inaacha alama palepale. Kitambaa cha asili kikichakaa msikimbilie fundi sofa, kwanza ongeeni na mtu wa uhifadhi, na hata kikitolewa kitunzwe, kisitupwe. Mbao za zamani muulize ni mti gani, mfano rosewood ya Brazili ipo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, toka 1992, kwa hiyo kuivusha mpaka bila vibali ni kutafuta matatizo. Na kiti kizuri pande zote usikisukumie ukutani jamani, kipe nafasi watu wakizunguke.

Kama nyumba ndo inajengwa au inakarabatiwa, ingia mapema, kabla dizaina na fundi umeme hawajamaliza. Omba plaiwudi nyuma ya jipsamu kwenye kuta zitakazobeba kazi nzito, ikishapakwa rangi hakuna atakayekubali kubomoa. Taa za dari zimulike picha kwa pembe ya kama nyuzi 30 ili kioo kisirudishe mng'ao usoni, na balbu ziwe CRI 90 kwenda juu (kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa usahihi, mwisho ni 100) la sivyo wekundu wote unakuwa kahawia. Pima milango, lifti, kona ya ngazi. Sanamu ya jiwe muulize injinia kuhusu sakafu. Fremu kubwa iwe na kulabu mbili ukutani, sio moja, inakaa sawa na haipindi kila mlango ukifungwa.

Si lazima kila kitu kionekane kwa wakati mmoja. Pale London, msanifu majengo John Soane alitengeneza nyumbani kwake chumba cha picha chenye kuta za mbao zinazofunguka kwa bawaba kama milango, picha juu ya picha, chumba kidogo kinabeba zaidi ya mia. Mteja wako hahitaji bawaba, anahitaji tu kuzoea kubadilisha, karatasi zikapumzika gizani miezi kadhaa. Zinazopumzika zisiende darini wala chumba cha chini chenye unyevu, zisimame wima, na zile plastiki za mapovu zisiguse rangi moja kwa moja, zinaacha viduara. Kila kitu kikihama piga picha mbele na nyuma, wapeni na watu wa bima. Nyuma ndo kuna lebo za minada na maonyesho ya zamani, na fundi fremu akibadilisha ubao wa nyuma anaweza kuzitupa bila kujua, kwa hiyo mwambie kabla hajashika bisibisi.