Presha inapanda ghafla na jasho linamwagika: mwombeeni kipimo cha metanefrini

Pole sana dada. Umesema presha ya mdogo wako inapanda ghafla anatetemeka, nusu saa baadae yuko kawaida, na kila mkienda mnaambiwa ni mawazo. Mimi nilizungushwa hivyohivyo miaka 3. Nikifika kituo cha afya presha imeshashuka narudishwa na dawa za usingizi, nyumbani wakasema nina jini nikasomewa weee mpaka nikachoka.

Aliyeniokoa ni daktari mmoja aliyeniuliza tu, kichwa kugonga, jasho na moyo kwenda mbio vinakuja kwa pamoja? Nikasema ndio, vyote vitatu. Akaniambia kuna uvimbe unaitwa feokromositoma, unaota kwenye tezi iliyokaa juu ya figo na unamwaga homoni ya adrenalini hovyo, ni nadra sana ndo maana wengi hauwajii akilini. Kipimo ni metanefrini, yani adrenalini ikishavunjwa mwilini, inapimwa kwenye mkojo au damu.

Mkojo ni wa masaa 24. Ule wa kwanza asubuhi unamwaga, kuanzia hapo wote unaingia kwenye galoni mpaka wa asubuhi ya pili, ukiruka hata mmoja majibu hayaaminiki. La kwangu lilikuwa na asidi ndani, nilikojolea kikombe kwanza ndo namimina taratibu. Kama ni damu alale chali kama nusu saa kabla ya kutolewa, maana akiwa amekaa inaweza kupanda mkaogopeshwa bure. Na mtaje dawa zote anazomeza, amitriptilini (dawa ya sonona) kwa mfano inaweza kuharibu majibu.

Yangu yalipanda mara nne ya kawaida ndo nikapelekwa CT, ile picha ya ndani ya mwili, uvimbe huo hapo, sentimita 5. Homoni kwanza, picha baadae! Na wasiuchome sindano kutoa kinyama kabla ya hapo, ni hatari.

Kitu kingine naomba sana, propranololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, asianzishiwe peke yake. Mimi nilipewa presha ikapanda hadi 230. Inaanza doksazosini, dawa ya kulegeza mishipa ya damu, au nyingine ya jamii hiyo, mimi nilimeza wiki 2 kabla ya operesheni. Akikutwa nao ulizieni vipimo vya vinasaba, kama theluthi ya wagonjwa wamerithi, kwahiyo na wewe dada itakuhusu.

Kwa sasa tafuteni mashine ya presha ya nyumbani, ikimshika tu mpime palepale uandike na saa. Ile karatasi yangu ya daftari ndo ilimfanya daktari anisikilize.