Jiko Lifungwe Kabla ya Kipenga

Swali lenu la wiki lilikuwa: mechi kubwa ikija, unawakaribishaje watu nyumbani, watoto na wazee wakiwemo, pasiwe na mtu wa kuondoka amenuna? Nitajibu kama mtu aliyewahi kununa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ilikuwa Desemba 18, 2022, fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar. Saa za Doha ni sawa na zetu, kwa hiyo mpira ulianza saa kumi na mbili jioni, wakati mzuri kabisa kwa mtu mwenye watoto. Tunaishi ghorofa ya nne katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, sebule ya watu wanane wakipendana. Siku hiyo walikuwa kumi na saba. Messi wa Argentina akafunga kwa penalti, Di María akaongeza la pili, na robo saa kabla ya mwisho Ufaransa bado walikuwa wamelala. Nikasema moyoni, hii imeisha, ngoja nikamalizie chapati ili watu wakiinuka wakute chakula mezani.

Nilikuwa na unga hadi viwikoni niliposikia ukelele wa kwanza. Mbappé wa Ufaransa, penalti, dakika ya 80. Nikasema nigeuze hii moja kisha niende nikaone marudio. Sijaigeuza, ukelele wa pili, mkubwa kuliko ule, na sebuleni kitu kikaanguka kikavunjika. Mbappé tena, dakika ya 81. Fainali ambayo watu wanaisimulia mpaka leo, na mabao yaliyoigeuza mimi niliyasikia kupitia ukutani huku chapati ikiungua. Nilipotokea mlangoni na mwiko mkononi, shemeji yangu akaniambia kwa upole, bila kubandua macho kwenye runinga, "Shem, chai imeisha kwa chupa."

Sikusema kitu. Mechi ikaisha 3-3, Argentina wakachukua kombe kwa penalti 4-2, wageni wakala, wakashukuru, wakaenda zao. Usiku ule nikisugua sufuria nikaweka sheria ambayo ndiyo karibu jibu langu lote: kipenga kikilia, jiko limefungwa. Hakuna kuchemsha maji, hakuna "nikatie kachumbari kidogo tu." Anayetaka kitu kilichopo ajichukulie.

Mama mkwe hakuipenda sheria hiyo. Kwao mgeni hupikiwa akiwa amekaa, asikie harufu ajue anathaminiwa. "Sasa mtawalisha watu chakula kilichopoa?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mama, hakitapoa," na kusema kweli mara ya kwanza kilipoa. Imenichukua mechi tatu nne kujua kinachovumilia kungoja na kisichovumilia.

Chapati huvumilia, tena sana, ila usizifungie zikiwa bado zinafuka moshi. Ziache zipumue dakika chache, kisha zifunge kwa kitambaa safi ndani ya hotipoti. Ukizifunga zikiwa moto hivyo hivyo, mvuke unageuka maji na zile za chini zinakuwa kama karatasi iliyonyeshewa. Ndengu nazipika mchana, nazitoa zikiwa zimebakisha kidogo kuiva, sufuria nzima naifunga kwa blanketi kuukuu na kuiweka kwenye kikapu. Zinamalizikia humo humo, na jioni ukifungua bado zinaunguza ulimi. Pilau ni chakula kitamu cha sherehe ila si cha mechi: inataka sahani, kijiko na mahali pa kuketi, na mtoto mwenye sahani ya pilau timu yake ikifunga ni hasara ya zulia. Chakula cha mechi ni kile kinacholiwa kwa mkono mmoja: viazi karai, sambusa, mahindi ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vitatu, chapati iliyoviringishwa na ndengu ndani. Kachumbari ninaikatakata mapema lakini chumvi naitia dakika za mwisho, maana chumvi ndiyo inayoitoa nyanya maji.

Mapumziko ni dakika 15, na hizo nimewakabidhi akina baba. Wanateremka kwa kijana wa smoki, zile soseji, na mayai hapo getini na kurudi na vya kumtosha kila mtu. Mwanzoni waliona ni adhabu. Siku hizi wanakimbilia, kwa sababu huko chini ndiko wanakochambua kipindi cha kwanza bila mtu wa kuwakatiza.

Na watu wachange. Sijui aibu hii tuliitoa wapi, taifa lililoandika Harambee kwenye nembo yake, ya kuona vibaya kumwambia mgeni alete soda. Mimi natuma ujumbe siku tatu kabla: wewe viti, wewe maji na matunda, wewe mia mbili kwa simu. Hakuna aliyewahi kukataa kuja kwa sababu hiyo.

Jaribio la kweli lilikuwa Agosti 2025, CHAN, michuano ya soka ya mataifa ya Afrika, ilipochezwa kwetu Kenya, Tanzania na Uganda. Mashindano yale ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao pekee, na kijana wangu mkubwa hakuamini kwamba mtu anayemwona katika ligi yetu ndiye atakayewakabili Moroko, wakati huo mabingwa mara mbili. Tiketi za uwanja wa Kasarani hatukupata. Jumapili ya Agosti 10 tukafungua mlango: watoto tisa, watu wazima kumi na mmoja, na mama mkwe. Ryan Ogam akafunga kipindi cha kwanza, kisha kabla ya mapumziko tukapewa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili watu kumi dhidi ya kumi na mmoja. Nilikitazama chote, nimeketi, mikono mikavu. Ikaisha 1-0. Nilipogeuka nikaona mama mkwe amesimama juu ya stuli.

Siku kumi na mbili baadaye nikajua kwamba jiko si kila kitu. Robo fainali na Madagaska ilikuwa 1-1, ikaenda kwenye penalti. Wachezaji wanajipanga, sebule imeshikana mikono, na mita yetu ya stima ikalia mara mbili na giza likaingia. Hapakuwa na wa kulaumiwa ila mimi. Tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, nilikuwa nimeziona zikipungua tangu asubuhi nikasema nitanunua baadaye. Baba watoto akanunua kwa simu. Ujumbe ukaja na tarakimu zake 20, mtu mmoja akizisoma, mwingine akizibonyeza, wa tatu akimulika tochi, na kila walipofika ya kumi na tano mtu anakosea. Sisi wengine tukakimbilia dirishani kusikiliza majirani. Tulikuwa tunajua mkwaju umeingia kwa kelele za ghorofa ya chini. Halafu jengo zima likanyamaza. Binti yangu wa miaka sita akauliza, "Mama, mbona hakuna mtu anapiga kelele?" Hapo ndipo tulipojua tumetolewa, 4-3. Stima ikarudi wakati wa matangazo ya biashara.

Majirani pia wana uharibifu wao siku ambazo kila kitu kinafanya kazi. Anayetazama kwa intaneti yuko nyuma ya anayetazama kwa antena, kwa sababu picha hukatwa vipande vipande na chombo chako hujiwekea akiba kabla ya kukuonyesha. Huenda ni sekunde chache, huenda ni nusu dakika. Kwenye jumba la ghorofa hizo ni nyingi mno: mshambuliaji wako bado yuko katikati ya uwanja na ghorofa nzima imeshashangilia bao. Kwa hiyo mechi ikiwepo kwenye chaneli za bure, mimi nachomoa intaneti naweka antena, hata picha ikiwa na mchanga kidogo. Simu zinaingia kwenye kikapu kile kile kilichotoka ndengu, maana kijana mwenye programu ya matokeo mfukoni ni jirani mwingine ndani ya nyumba.

Sasa watoto, maana swali liliwataja. Watu wengi huwapeleka chumbani na katuni ili wasisumbue. Nadhani hapo ndipo kelele inapoanzia, kwa sababu mtoto aliyefungiwa hutoka kila dakika tano kuona anakoseshwa nini. Wangu wanakaa mbele, chini kwenye mkeka, watu wazima nyuma yao. Kila mmoja ana kazi. Mmoja anahesabu kona kwa vijiti vya kiberiti, mwingine kadi, na wa miaka kumi ndiye mtangazaji: mara moja kila kipindi tunazima sauti dakika tano naye anatangaza. Tumecheka hadi machozi. Siku moja alimtangaza mwamuzi kuwa "ametembea vizuri leo." Mapumziko wanashuka kwenye maegesho na mpira wao, na mmoja wa akina baba waliokwenda kununua smoki anawaangalia. Wadogo wa chini ya miaka mitano hawapewi njugu nzima wala bisi. Sebuleni mtu akiruka kwa bao, mtoto aliyetafuna nusu anaweza kupaliwa kabla mtu hajamwona.

Kubeti hakuingii kwangu. Najua nagusa kidonda. Nusu ya wanaume ninaowaalika wana mkeka, yaani orodha ya mechi walizobetia, kwenye simu. Lakini mtu mwenye mkeka hatazami mechi tunayotazama sisi. Kona moja inampandisha presha, na bao la timu anayoipenda linamliza kwa kuwa alitabiri mabao machache. Watoto wanaona. Sheria ya nchi inasema chini ya miaka 18 hapana, halafu tunawafundisha bure sebuleni. Badala yake kila mtu huandika matokeo kwenye karatasi, pamoja na mama mkwe, na mshindi hufungashiwa mandazi. Mama mkwe ameshinda mara mbili, na bado anaamini kuotea, ile offside, ni kosa la tabia: "Huyo mbona anawavizia watu mgongoni?"

Bia? Nyumbani kwetu ipo, ila baada ya watoto kulala, na kama mechi ni ya alasiri basi haipo. Baadhi wamenuna kwa hilo. Baa ziko nyingi Nairobi.

Kigumu hasa ni saa. Ligi ya Uingereza ile mechi ya Jumapili huanza saa kumi na mbili na nusu yetu. Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa moja na nusu, na mtoto wa shule bado anaweza kuimaliza. Fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa miaka mingi ilituanzia saa nne usiku. Kuanzia mwaka huu wa 2026 UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, wameisogeza mapema hadi saa kumi na mbili jioni ya kwao, saa moja kwetu, na moja ya sababu walizotoa ni familia. Ningewatumia chapati.

Kombe la Dunia la Marekani, Kanada na Meksiko halina huruma hiyo. Fainali ni Jumapili, Julai 19, New Jersey, saa tisa alasiri huko. Kwetu ni saa nne usiku, na kesho yake ni Jumatatu ya shule. Mpango wangu: watoto wanalala saa kumi jioni wapende wasipende, wanaamshwa saa tatu na nusu, magodoro yanatandikwa sebuleni, na atakayesinzia anasinzia hapo hapo. Asubuhi wataenda shule na macho mekundu kama watoto wenzao wote. Wageni ni wale tu wa kutembea kwa miguu au wa kulala kwetu. Saa saba usiku kutafuta matatu na mtoto mgongoni sikutakii, na nauli ya saa hiyo inataka mkopo.

Tena Julai ni baridi. Nyumba ikijaa mtu hupata wazo la kuingiza jiko la makaa sebuleni ili watu waote moto. Tafadhali msifanye. Makaa yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na watoto waliolala chini hawataamka kukuambia wanaumwa kichwa. Blanketi zipo. Ukitaka mahindi ya kuchoma, yachomwe nje na yaingie yakiwa yamechomwa.

Mama mkwe ameomba alete blanketi lake na stuli yake. Shemeji yangu wa chai ndiye atakayepika chai, lita kumi, na amekubali iwe kwenye chupa saa tatu na nusu. Chapati ni arobaini, nitazisukuma Jumapili baada ya kanisa. Tokeni nimeshanunua, nimeziingiza kwenye mita mwenyewe, mchana, nikisoma tarakimu moja moja.