Amani isiyofuata mwezi

Ndugu yangu, umeuliza mbona furaha ya ibada ya Jumapili huisha Jumatatu asubuhi. Pole sana, nakuelewa. Mimi naanika dagaa huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni na mfukoni hakuna kitu. Kwa miaka mingi amani yangu nayo ilipanda na kushuka na huo mwezi.

Kilichonishika ni Wafilipi 4:11. Paulo, tena akiwa kifungoni, anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Amejifunza! Basi usijihukumu, bado uko darasani.

Siku hizi alfajiri nakaa kando ya kichanja kitupu, namshukuru Mungu kwa kuwa ni Baba, siombi kitu. Siku nyingine machozi hunitoka. Jaribu kesho, kabla hujahesabu hela.