Jua likipatwa, tazama chini ya mwembe

Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, nilikuwa uani kwetu Ujiji na mdogo wangu. Mimi nimeinama, yeye kainua uso, kajiziba macho kwa picha ya eksirei ya mguu wa bibi. Nikamkataza mara moja tu. Akasema, "Kaka, mbona haliumizi?" Nikamwacha. Hilo kosa ni langu.

Jioni akaniambia kuna doa katikati ya kila anachokitazama. Ukimpa gazeti anaona pembeni, neno analolitaka limefunikwa. Doa lilipungua kwa miezi, lakini mpaka leo halijaisha. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haisikii maumivu, inaungua nawe umesimama unafurahi. Eksirei hupunguza mng'aro tu, miale usiyoiona inapenya. Miwani ya kawaida ya jua, kioo cha masizi, jua la kwenye beseni la maji: vyote usithubutu.

Sisi tunaofuata mwezi kwa ajili ya funga na Idd, jambo hili si gumu kulielewa. Jua hupatwa mwezi ukiwa umefichika, kabla haujaandama. Siku ile tulikuwa mwishoni mwa Mfungo Pili. Mwezi hupita kati yetu na jua, ila njia yake imeinama nyuzi 5 hivi, kwa hiyo mara nyingi kivuli chake huikosa dunia. Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, na liko mbali zaidi mara 400 hivi, ndiyo maana mwezi unaweza kuliziba. Mwaka ule mwezi ulikuwa mbali kidogo, haukutosha kuliziba jua lote, hata Rujewa kule Mbeya, ulikopita katikati ya jua, ikabaki pete ya moto. Kigoma tulikuwa pembeni, kwenye kivuli hafifu, tukaona jua limemegwa kama mundu.

Nililiona wapi? Chini ya mwembe. Kila upenyo kati ya majani hutupa picha ya jua ardhini. Siku zote ni viduara, hakuna anayevijali. Siku ile ua mzima ulijaa mimundu midogo, mpaka kwenye mkeka na kanga ya mama.

Huna mwembe? Toboa boksi kwa pini, lipe jua mgongo, mwanga uangukie karatasi nyeupe. Chujio la chai nalo linafaa. Ukitaka kutazama juu, tafuta miwani maalumu yenye alama ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Na watoto waite kivulini, wakinge viganja. Mundu wa jua utatua humo humo mkononi.