Ndugu kafia Kalacha nawe uko Nairobi: nenda ukahesabu, usiende kubeba

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza uanzie wapi: kaka amefariki na kuzikwa Kalacha, kaunti ya Marsabit, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, ameacha duka, pikipiki, mbuzi na ngamia kadhaa, na familia yote iko Nairobi.

Safari ya kwanza ni ya kuhesabu, kufunga na kukusanya karatasi. Mali isubiri. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura 160, kinasema anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ana kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Kuhamisha pesa za simu yake kwa sababu unaijua namba ya siri kumo humo humo. Simu izimwe, ifungiwe, iandikwe kwenye orodha.

Tuanze na barabara, kwa maana ikikukwamisha hayo mengine hutayafikia. Nairobi hadi Marsabit kupitia Isiolo ni lami, kama kilomita 550. Lala Marsabit, jaza mafuta hapo, ondoka alfajiri. Ukifika Bubisa unaiacha lami, unakata kushoto kuelekea Maikona, kisha Kalacha. Mawe meusi ya volkano huku hukata tairi ubavuni, mahali pasipozibika, kwa hiyo spea ziwe mbili. Kwenye mchanga punguza upepo hadi kama psi 20, na uwe na pampu ya kuurudisha, maana tairi laini kwenye mawe ndiyo inayopasuka upesi. Mitungi miwili ya dizeli ya lita 20. Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, na lita 20 za akiba zisizoguswa.

Chalbi ilikuwa ziwa zamani, na ndiyo hatari yake. Mvua ikinyesha, jua hukausha juu, chumvi inang'aa kama sakafu, lakini chini ni tope tupu. Gari hutoboa gamba hilo na kuzama hadi ekseli. Fuata alama mpya za magari, epuka mabaka meusi, na kama ni Aprili au Novemba mpigie chifu kwanza. Usipokuwa na gari, panda basi hadi Marsabit, kisha ulizia siku moja mapema lori au Land Cruiser inayopeleka mizigo. Beba pesa taslimu, noti ndogo ndogo.

Ukifika, nenda kwa naibu wa chifu kabla ya kufungua duka. Kaka akiwa alifia nyumbani, yeye ndiye wa kujaza fomu D2. Akiwa alifia hospitali au zahanati ni D1. Cheti cha kifo kinatokana na hiyo. Kifo kisajiliwe ndani ya miezi 6, la sivyo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa na maswali yake. Linganisha jina na kitambulisho, logibuku ya pikipiki na kadi ya Sacco, herufi kwa herufi. Herufi moja ikipishana utaapa hati ya kiapo kwa kila ofisi.

Kisha barua ya chifu inayotaja warithi. Naomba muwe wakweli hapa hata kama inauma. Kama kaka alikuwa na mke huko, au mtoto ambaye Nairobi hawamjui, aandikwe. Sheria huwatanguliza mjane na watoto, kisha wazazi. Ndugu hufuata baada yao. Mkimficha mtu, mahakama inaweza kufuta idhini ya kusimamia mali chini ya kifungu cha 76, na mwaka mzima wa kazi umepotea. Beba fomu ya ridhaa, P&A 38, warithi watie sahihi mkiwa pamoja, kwa sababu kurudi kutafuta sahihi moja ni safari nyingine nzima.

Duka lihesabiwe mbele ya naibu wa chifu na wazee wawili: bidhaa, pesa, daftari la madeni, deni la wauzaji wa jumla, kodi. Kila ukurasa utiwe sahihi na upigwe picha. Vya kuharibika, mwombe wakili akufungulie idhini ya muda ya kuhifadhi mali. Mahakama huitoa kwa dharura. Risiti za mazishi zitunze, gharama hizo hulipwa na mali ya marehemu.

Mifugo ina njia yake. Marsabit ni kati ya maeneo ambayo kifungu cha 32 kimeyatoa: mifugo na ardhi ya kilimo hugawanywa kwa mila. Wazee ndio wanaojua ngamia yupi ni wa kaka na yupi aliazimwa, dabare kama wanavyoita. Usihesabu kwa alama ya chuma peke yake. Na kama kaka alikuwa Mwislamu, urithi hufuata sharia, mlango ukiwa Mahakama ya Kadhi.

Wengi hukimbilia mahakama ya Milimani, Nairobi. Mahakama ya hakimu yenye mamlaka ni ya mahali marehemu alipoishi mwisho, yaani Marsabit. Hati unaweza kuzituma kwa mtandao ukiwa Nairobi. Tangazo kwenye Gazeti la Serikali husubiri siku 30, na idhini ikitoka, uthibitisho ni baada ya miezi 6. Pikipiki hubadilishwa jina baada ya hapo. NSSF na Sacco waulizeni leo, maana aliyeandikwa kama mteule hasubiri hayo yote.