Chora mishipa ya mgonjwa wako, si ya kitabuni

Nikiwa bado najifunza upasuaji wa ubongo, bosi wangu aliniita mbele ya skrini usiku wa kuamkia upasuaji. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, kope la kulia limeanguka, mboni imepanuka. Anurisimu, yaani kifuko kwenye ukuta wa ateri, ilikuwa imeota pale ateri unganishi ya nyuma inapochipuka kwenye karotidi (ateri kubwa inayopanda shingoni kwenda ubongoni), ikaminya neva ya tatu, inayoinua kope na kubana mboni.

"Huku nyuma ya ubongo panalishwa na nani?" bosi akauliza.

"Ateri ya basila," ile inayopanda nyuma kwenye shina la ubongo, nikajibu bila hata kutazama.

Hakunigombeza. Alisogeza picha taratibu. Tawi la basila upande ule lilikuwa jembamba kama uzi. Ateri unganishi ndiyo nene, imebeba mzigo wote. Klipu, kibanio tunachofungia shingo ya kifuko, ingeibana ateri hiyo, mama angeamka haoni upande wa kushoto, kwa macho yote mawili.

Mpangilio huo tunauita wa kijusi. Mtoto akiwa tumboni, nyuma ya ubongo hulishwa na karotidi, kisha basila hupokea kazi. Kwa baadhi ya watu makabidhiano hayo hayakamiliki, na wanazeeka bila kujua. Duara la ateri chini ya ubongo, alilolieleza daktari Thomas Willis mwaka 1664, linapendeza kwenye mchoro, ila katika tafiti nyingi wenye duara kamili hawafiki nusu.

Kwa hiyo wadogo zangu, usiku wa kuamkia upasuaji chukueni penseli. Chora kila ateri kwa unene wake halisi, kulia na kushoto (na kumbuka kulia kwa mgonjwa kuko kushoto kwa skrini, wengi wameumbuka hapo). Ukikuta mshipa mwembamba, usipite: tafuta nani anamsaidia kazi. Mbele ndiko mtego ulikozoeleka. Ateri ya mbele ya upande mmoja ikiwa hafifu, mwenzake hulisha pande zote mbili, na anurisimu za kiunganishi cha mbele, ateri fupi inayounganisha hizo mbili, hupenda watu wa namna hiyo. Ukibana huo mnene hata kwa muda mfupi, unahatarisha pande zote mbili za mbele.

Ripoti ikisema "mishipa ya kawaida", isome, halafu fungua picha mwenyewe. Aliyeiandika alikuwa anatafuta kifuko, hapangi pa kuweka klipu.

Asubuhi ya upasuaji wa mama yule, mchoro niliouchora usiku ulibandikwa ukutani kwa plasta. Klipu ilipokaa, bosi akagusisha dopla, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu, kwenye ateri unganishi, chumba kizima kimya, mpaka tukasikia shwii, shwii, shwii. Damu inapita.

Kesho yake nililinyanyua lile kope kwa kidole, nikamwonyesha vidole vyangu upande wa kushoto.

"Viwili," akasema. "Mbona unaniuliza kama mtoto wa chekechea, daktari?"